Ukerewe: Kisiwa na Njia Zake za Maji

Wafanyabiashara wa Pwani waliofika kwenye ziwa kuu katikati ya karne ya 19 hawakulijua kwa jina la malkia wa Uingereza. Waliliita Bahari ya Ukerewe. Jina hilo lilisikika Unyanyembe na Zanzibar kabla Mzungu yeyote hajayaona maji yenyewe, na John Hanning Speke alikuwa amekwisha kulisikia alipofika karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Pamoja na hayo alichagua kuliita ziwa lile Victoria. Tokea hapo jina la Ukerewe likapungua ukubwa: kutoka kuwa jina la bahari nzima likabaki kuwa la kisiwa, na hatimaye la wilaya moja katika Mkoa wa Mwanza.

Si bure kwamba watu wa mbali waliita ziwa zima kwa jina la kisiwa kimoja. Walifanya hivyo kwa sababu watu wa kisiwa kile ndio waliowajia na pembe za ndovu, na ndio waliokuwa na mitumbwi. Katika insha hii tunakusudia kuisimulia historia ya Ukerewe kwa upande huo. Ramani humfanya msomaji adhani kwamba mahali palipozungukwa na maji pametengwa na ulimwengu. Historia ya Ukerewe yaonyesha kinyume chake. Maji yalikuwa barabara, na kwa kuwa barabara haichagui msafiri, kwa njia hiyo hiyo ziliingia neema na maafa.

Wilaya hii ina visiwa 38, vingine vikiwa miamba na vichaka tu vinavyokaliwa na wavuvi kwa msimu. Kisiwa kikubwa, Ukerewe chenyewe, kina eneo la kilometa za mraba zipatazo 530, nacho ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hilo. Upande wa mashariki mlango mwembamba wa maji wakitenga na bara, na kivuko huvusha watu na magari kati ya Rugezi na Kisorya. Makao makuu ya wilaya ni Nansio, ambako meli za kutoka Mwanza hutia nanga. Kaskazini kuna Ukara, kisiwa kidogo kisichofikia hata sehemu ya sita ya Ukerewe kwa ukubwa, lakini ambacho tutakizungumzia kwa urefu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wananchi 345,147 katika wilaya nzima, idadi kubwa kwa nchi kavu ndogo kama hiyo.

Wenyeji wa wilaya si kabila moja. Wako Wakerewe, Wakara, Wajita, Wasukuma, na Waluo, na lugha zao zatueleza habari ambazo hazikuandikwa na mtu. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza, lugha za upande wa magharibi wa ziwa, ingawa Wahaya na Wakerewe hutenganishwa na maji mengi. Kikara, kinachosemwa umbali wa safari fupi ya mtumbwi kutoka Ukerewe, kinakaribiana zaidi na Kijita cha upande wa mashariki. Maana yake ni kwamba watu wa visiwa hivi viwili jirani walijaliwa mizizi miwili tofauti, mmoja ukivuka kutoka machweo na mwingine kutoka mawio.

Mapokeo ya Wakerewe yakubaliana na ushahidi huo wa lugha. Wazee husimulia kwamba ukoo wa watawala, Abasilanga, ulitoka Ihangiro, nchi ya Wahaya, ukiongozwa na Katobaha. Walisafiri kwa mitumbwi, wakawakuta watu wengine kisiwani, nao wakajenga utemi uliodumu hadi baada ya Uhuru. Mtawala waliyemwita omukama alitazamiwa kuleta mvua. Mvua ilipokosekana, lawama ilimfika yeye, na historia ya utemi huo ina watawala walioondolewa kwa sababu ya ukame. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wako waandishi wa kikoloni waliopenda kuwaonyesha watemi wa Afrika kama watu wasiohojiwa na yeyote. Huko Ukerewe mbingu yenyewe ilikuwa shahidi dhidi ya mtawala, na raia waliujua ushahidi huo.

Katika baraza la omukama palikuwa na wapigaji wa enanga, ala ya nyuzi inayochongwa katika gogo na kutobolewa mfano wa hori, ambayo Wahaya pia wanayo. Mpiga enanga alikuwa mtunza kumbukumbu. Aliimba sifa za watawala na habari za mambo yaliyopita, na nyimbo zake zilifanya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na karatasi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 watemi wa Ukerewe walianza kupeleka misafara ya pembe za ndovu mpaka Unyanyembe. Hili laeleweka vibaya mara nyingi. Vitabu vingi vya shule vimewazoesha wanafunzi kuwaza kwamba biashara ya mbali ililetwa bara na watu wa Pwani, na wenyeji wakaipokea. Wakerewe walitoka wenyewe. Walivuka maji, wakapita Usukuma, wakafika njia kuu za biashara kabla wageni hawajafika kisiwani, na wakarudi na shanga na nguo. Omukama alizigawa mali hizo kwa wakuu wake, na kwa mgawo huo nguvu yake ikaongezeka.

Lakini msafara haukurudi na shanga peke yake. Ulirudi pia na maradhi ambayo kisiwa hakikuwa kimeyazoea, ndui na kipindupindu yakiwamo. Gerald Hartwig, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba kadiri biashara ilivyokua ndivyo shutuma za uchawi zilivyoongezeka. Watu walikuwa wakifa kwa namna ngeni, na katika jamii ile kifo kisichoeleweka kilitafutiwa mwenye kukileta. Ndugu wakaogopana. Kisiwa ambacho hapo awali kilihofu njaa na ukame kikaanza kuhofu jirani. Sisi twaona kwamba hapa pana fundisho kubwa kuhusu uchawi kama jambo la kihistoria: hofu hiyo haikuwa na kiwango kimoja tangu zama za zama, bali ilipanda kwa sababu zinazoweza kutajwa, na nyingi ya sababu hizo zilipita katika njia ya pembe za ndovu.

Lukonge ndiye mtemi ambaye jina lake lilivuka mipaka ya ziwa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alikwama Kageye, upande wa Usukuma, akiwa na watu wengi na mashua moja. Alihitaji mitumbwi ya kuwapeleka Buganda, na aliyekuwa nayo ni Lukonge. Stanley alikaa Ukerewe akibembeleza, na mtemi alimpa mitumbwi kwa wakati alioona unafaa. Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa mabaya. Mfanyabiashara wa Pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani, aligombana na mtemi akakimbilia kwa wamisionari wawili wa Kiingereza, Luteni Shergold Smith na O'Neill. Hao walikataa kumtoa. Desemba 1877 wote watatu waliuawa pamoja na wengi wa watu wao. Huko Ulaya habari hiyo ilitangazwa kama ukatili wa mfalme mshenzi. Wakerewe waliiona kuwa ni habari ya wageni waliomficha mtu aliyekuwa na kesi mbele ya mwenye nchi. Vifo hivyo vilikuwa msiba, hatukatai, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza ni nani aliyeandika shtaka na ni nani hakupewa nafasi ya kujibu.

Wajerumani walimwondoa Lukonge mwaka 1895 wakamweka Mukaka mahali pake. Tangu siku ile omukama hakuhukumiwa tena na mvua, alihukumiwa na boma la Mwanza. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, wakakita Kagunguli, wakafungua shule. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika ziwani, njia za maji zilionyesha tena umuhimu wake: Juni 1916 Waingereza waliteka Ukerewe kwanza, na kutoka kwenye eneo hilo wakaitwaa Mwanza mwezi uliofuata. Baadaye ikaja pamba, zao lililoleta kodi, baiskeli na mabati. Wakulima wa pamba wa kanda yote ya ziwa waliungana chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na mtemi wa mwisho, Michael Lukumbuzya, akaitumikia Tanzania kama balozi katika nchi za nje. Kasri la watemi lingali linaonekana Bukindo.

Sasa tuvuke kwenda Ukara.

Wageni wanaokitembelea kisiwa hiki hupelekwa aghalabu kulitazama jiwe linalocheza, jabali kubwa ambalo hutikisika juu ya jingine. Jiwe ni la ajabu, nasi hatulidharau. Lakini ajabu kubwa zaidi ya Ukara iko mashambani, na mgeni huipita bila kuiona. Katika miaka ya 1960 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba, juu ya udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi. Kwa hesabu za kawaida za wataalamu wa kikoloni, nchi ya namna hiyo ilipaswa kuwa jangwa. Haikuwa hivyo, na sababu ni kazi.

Mkara alifuga ng'ombe wake ndani ya nyumba. Sehemu ya sakafu ilichimbwa shimo, ng'ombe akasimama humo, na majani na mabua yakatupwa chini yake siku baada ya siku. Mbolea ilijaa, ikatolewa, ikabebwa kwa vikapu hadi shambani. Kwa kuwa hapakuwa na malisho ya kutosha, nyasi zenyewe zilipandwa kama zao: kandokando ya ziwa na vijito walichimba mashimo mpaka wakayafikia maji, na humo wakapanda mabingobingo ya kukatia mifugo. Katika mashamba ya uwele walisia mmea wa jamii ya marejea, na mmea huo ulipokua waliuchimbia chini uwe mbolea ya mimea. Njugu mawe zilikuwa na zamu yake. Penye mteremko walijenga kuta za mawe kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na mabonde yenye maji wakayapanda mpunga. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na mwenyewe, na hata mti ulikuwa na mwenyewe ambaye si lazima awe mwenye shamba.

Wataalamu wa kilimo waliandika juu ya mambo haya tokea miaka ya 1930, wakayastaajabia. Lakini kuna jambo jingine ambalo waliligundua, nalo ndilo linalofikirisha zaidi. Mkara aliyehamia kisiwa kikubwa cha Ukerewe au bara, mahali penye ardhi ya kutosha, aliacha ufundi huu wote. Hakuchimba shimo la ng'ombe, hakubeba vikapu vya mbolea, hakupanda nyasi. Alilima kama majirani zake wapya.

Wako waliosema kwamba aliacha kwa uvivu, au kwa kusahau. Hukumu hiyo si ya haki. Kilimo cha Ukara kilidai kazi karibu mwaka mzima, tena kwa mavuno ambayo kwa kila siku ya jasho hayakuwa makubwa. Mtu mwenye akili timamu, akipewa shamba pana, huipunguza kazi hiyo. Ustadi wa Wakara ulikuwa jibu la uhaba. Ulipoondoka uhaba, jibu lilikosa swali. Twaona kwamba jambo hili linawahusu sana wanaopanga maendeleo vijijini. Mara nyingi mkulima wetu amehubiriwa atumie mbolea na kujenga matuta, kana kwamba hajui. Wakara walijua kabla hawajahubiriwa na yeyote. Walichokipima ni kama ujuzi huo unalipa mahali walipo. Na leo, Ukerewe yenyewe ikiwa imejaa watu na mihogo yake ikiwa imeshambuliwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, huenda swali lile la Ukara likaulizwa upya kwenye kisiwa kikubwa.

Uvuvi nao umebadilika. Wazee wa kisiwa walivua ningu, kamongo, sato na furu wa aina nyingi kwa migono na nyavu ndogo. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa ziwani, na katika miaka ya 1980 akaenea kila mahali, akawala furu, aina nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Fedha iliingia, na makambi ya wavuvi yakaota visiwani. Sangara alisafiri kwa ndege mpaka Ulaya. Aliyemvua alikula dagaa.

Katika haya yote njia ilibaki ile ile. Mtoto wa Ukara aliyefaulu kwenda sekondari nje ya kisiwa, mama mjamzito aliyehitaji kupasuliwa, mfanyabiashara wa sabuni na chumvi, wote walivuka. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora kuelekea Ukara kikiwa kimejaa watu waliotoka sokoni na shehena zao. Kilikuwa kimeundwa kubeba watu 101. Kilipokaribia gati la Bwisya, ng'ambo ikionekana na jamaa wakiwa wamesimama wakingoja, kilipinduka. Wavuvi waliingia majini kwa mitumbwi yao bila kungoja amri. Watu 41 waliokolewa. Mmoja wao alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye ndani ya chombo kilichopinduka. Waliokufa walikuwa 228. Taifa liliomboleza siku nne, na baadhi ya marehemu wakazikwa Bwisya, karibu na maji. Baadaye kililetwa kivuko kikubwa zaidi. Tumetoa hesabu hizo kwa sababu katika kisiwa kidogo kama Ukara idadi hiyo ni nyumba baada ya nyumba, na hakuna shule ya pale ambayo haikupoteza mtu iliyemjua.

Imebaki habari ya lugha na kumbukumbu, ambayo katika kitabu cha utamaduni pengine ingestahili kutangulia.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya Lukonge kuondolewa. Alikuwa mjukuu wa mtemi Machunda, na utoto wake aliupitisha karibu na baraza la Mukaka, akisikia mambo ambayo yalikuwa yakielekea ukingoni. Kisha akasoma Kagunguli, na baadaye katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ile ile ya Wahaya ambako mababu zake walitoka. Humo alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Aliporudi alimwoa Anna Katura. Watoto wao walifariki wangali wachanga, na wazazi hao wakaishi bila mtoto.

Kitereza aliona kwamba vijana waliosoma shule walikuwa wakipoteza lugha na desturi za wazee wao, akaamua kuandika. Aliandika kwa Kikerewe. Hakuchagua kuandika orodha ya mila, kama walivyofanya maofisa wa serikali ya kikoloni. Alibuni riwaya. Ni kisa cha mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, waliopendana lakini hawakujaliwa mtoto, na jamaa za mume wakamtukana mke mpaka wazazi wake wakaja kumchukua. Myombekere akatozwa faini ya pombe ya ndizi ili mkewe arudi. Katika kuitafuta pombe hiyo msomaji huelezwa jinsi ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa. Katika safari zao huelezwa jinsi ya kumwamkia mkwe, kujenga nyumba, kutega samaki, kumwendea mganga, kumzika mtu. Baadaye huzaliwa mvulana Ntulanalwo na msichana Bulihwali. Mambo ya kijiji yanaelezwa pole pole mno, na msomaji mwenye haraka huchoka. Sisi twamshauri mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuruka kurasa hizo, kwa kuwa huo upole ndio mwendo wa maisha yenyewe yaliyokuwa yakielezwa.

Mswada ulikamilika mwaka 1945. Padre mmoja wa Kanada, Almas Simard, alijaribu kumtafutia mchapishaji, lakini nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya watu wa kisiwa kimoja? Simard alifariki, na karatasi zikabaki zimelala. Hartwig na mkewe walipofika kisiwani, walimtia moyo mzee afasiri kazi yake. Kitereza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, akaketi na kukiandika upya kitabu chote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ilikichapisha mwaka 1980, kwa juzuu mbili, miaka 35 baada ya mswada kumalizika. Mwandishi alifariki mwaka 1981.

Tangu hapo kitabu hicho kimesafiri. Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, mojawapo ya lugha ambazo Kitereza alijifunza Rubya akiwa kijana. Mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza jijini Dar es Salaam, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe, na ambaye hakuhitaji kamusi kujua kila chungu, kila mgono na kila salamu iliyotajwa katika kurasa zile.